Somo: Kutengeneza chanuo la Kitonga kwa njukuti na usumba

Chanuo la kale la Tonga, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, na la majirani zao wa Samoa, mara nyingi halichongwi, hufungwa. Njukuti za mnazi hupangwa bega kwa bega, zikabanwa upande wa juu kwa uzi wa usumba, yaani nyuzi za kumbi la nazi, bila gundi wala msumari. Yapo machanuo ya Kitonga yaliyochukuliwa kwenye safari ya pili ya baharia Mwingereza James Cook, 1773 na 1774, na sasa yamehifadhiwa Oxford, Uingereza. Uzuri wake wote uko kichwani, nyuzi zilipopishana na kutoa pembetatu na mistari ya mshazari. Meno ni kazi ndogo.

Ukiishi Pwani hununui kitu. Njukuti ni zilezile za ufagio wa chelewa.

Hatua ya 1: Njukuti. Chagua kuti lililokomaa lakini bado bichi. Lililojiangukia lenyewe limeshaanza kukatika. Chana majani kwa kisu, ukwangue njukuti mpaka zing'ae.

Hatua ya 2: Kukausha. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Njukuti mbichi husinyaa baada ya kufungwa, na chanuo lote likalegea. Zianike kivulini, zimetandazwa, mpaka ukiikunja moja irudi yenyewe kwa nguvu.

Hatua ya 3: Kukata. Tupa ncha nyembamba. Kata vipande vya sentimita 18 hivi, uchague ishirini vyenye unene unaolingana.

Hatua ya 4: Uzi. Makumbi hulowekwa majini muda mrefu, yakapondwa, yakaoshwa, na usumba ukaanikwa. Wasamoa wana mnazi wao maalumu, niu ʻafa, unaopendwa kwa nyuzi ndefu za kumbi lake, na wazee wao husokota usumba juu ya paja huku mazungumzo yakiendelea. Wewe sokota uzi mwembamba kuliko unavyodhani unatosha. Uzi mnene huficha kasoro, lakini hauchori pambo.

Hatua ya 5: Kufunga. Zibane njukuti katikati ya vipande viwili vya mwanzi, kimoja mbele, kimoja nyuma, ili zisicheze. Kunja uzi katikati, uzungushie njukuti ya kwanza karibu na kilele: mkono mmoja wa uzi upite mbele, mwingine nyuma, ipishane kabla ya njukuti ya pili. Endelea hadi mwisho, kisha rudi. Mistari ya juu pishanisha mara moja tu. Ukishuka, pishanisha mara mbili kati ya njukuti na njukuti: nafasi hufunguka, na meno yanatanuka chini kama kipepeo. Vuta kila mzunguko. Shuka sentimita 6 kisha funga fundo kwa nyuma. Ukitaka pambo, changanya uzi mweusi.

Hatua ya 6. Toa mwanzi, chonga ncha ziwe butu kidogo, sugua kwa msasa, paka mafuta ya nazi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nywele zangu ni nzito za kipilipili, halitavunjika?*
Marahaba mwanangu. Likivutwa kwenye nywele kavu, litavunjika. Tumia njukuti chache za upande wa shina, uachie nafasi pana, na uchanue nywele zikiwa na mafuta. Lile lenye meno ya karibu lichomeke kichwani kama pambo. Hata huko kwao yalivaliwa hivyo.

*Naweza kutumia nailoni?*
Huteleza juu ya njukuti. Afadhali uzi wa pamba uliopakwa nta.

*Wamaori wa New Zealand nao hufunga hivi?*
Mnazi haustawi kwao, baridi ni kali. Wao walichonga kwa mti na kwa mfupa wa nyangumi, na mwanamume wa cheo alilichomeka kwenye fundo la nywele. Kichwa cha mtu wa cheo kilikuwa na mwiko mkubwa, kwa hiyo chanuo lake halikuguswa ovyo.

*Fundi, nina gamba la ng'amba la marehemu babu. Nilichonge?*
Liache lilivyo. Ng'amba ni kasa anayelindwa na sheria, na biashara ya magamba yake kati ya nchi na nchi imepigwa marufuku. Ukivuka nalo mpaka watalichukua, na wewe utaulizwa.

*Linaoshwaje?*
Usililoweke, uzi utavimba. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu, anika kivulini, rudia mafuta.