Kuchagua kola ya kumfuatilia mbwa wa kwale anayekimbia mbali

Mbwa wa kutafuta ndege aina ya kwale, mwenye damu ya poinita, hakai karibu nawe. Mfungulie kwenye mabua ya ngano Mau Narok, na dakika 2 zikipita ameshavuka kigongo na kengele ya shingoni haisikiki tena. Kengele ina ila nyingine kubwa zaidi. Mbwa akimnusa ndege huganda, pua mbele, mguu mmoja juu, na kengele inanyamaza wakati uleule unaohitaji kujua alipo. Kola ya kumfuatilia inaondoa tatizo hilo, ingawa nyingi zinazouzwa zimeundwa kwa mbwa wa mjini anayetoroka getini. (Kuwinda ndege wa porini bila kibali ni kosa, kwa hivyo hapa tunazungumzia mazoezi: mbwa atafute, agande, ndege aruke aende zake.)

Karibu kila muuzaji atakuambia kola yake ina GPS. Hilo bado halijakusaidia kuchagua. GPS inaiwezesha kola kujua mahali ilipo. Uliza habari hiyo inakufikiaje wewe: kwa laini ya simu, au kwa redio?

Kola ya laini

Hii hubeba laini ndogo, hutuma mahali ilipo kupitia minara ya simu, nawe unamwona mbwa kwenye programu ya simu yako. Umbali si hoja: mbwa akiwa Ahero nawe ukiwa Kisumu mjini utamwona, mradi alipo pana mtandao. Kwa uwanda wa Kano, ambako ardhi ni tambarare na watu ni wengi, inafaa. Mashaka huanza kwenye mabonde ya Subukia, miteremko ya Mau, na chini ya ukingo wa Nandi. Mtandao ukiyumba, kola hukaa ikitafuta mnara bila kupumzika, na betri inaisha kabla ya siku.

Kabla ya kununua, pita shamba lote ukiwa na simu mbili, moja ya Safaricom na moja ya Airtel, na uzishike usawa wa goti. Sikioni utadanganyika, kwa sababu mbwa ni mfupi na antena ya kola ni ndogo kuliko ya simu. Mahali ambapo simu gotini inaonyesha kijiti kimoja tu, hesabu kwamba kola itapotea.

Angalia pia masafa. Mtandao wa 2G hapa kwetu uko kwenye MHz 900 na 1800. Kola ya soko la Marekani yenye 850 na 1900 peke yake haitashika kitu, hata uipandishe Menengai. Kwa zile zinazokubali laini yako mwenyewe, weka laini kwanza kwenye simu, iondolee PIN, nunua bando, kisha ihamishe kwenye kola na uandike APN (jina la njia ya data ya mtandao): safaricom, kama laini ni ya Safaricom. PIN iliyosahaulika ndiyo sababu ya kawaida ya kola mpya kuonekana mbovu. Data haili sana: kutuma kila sekunde 10 kwa saa 6 ni mara 2,160, na hata kila mara ikila baiti 500, jumla ni karibu MB 1. Zile zenye laini ya ndani ya kampuni hutaka ada ya kila mwezi au mwaka. Ada ikikatika, kola inabaki ukanda tu.

Vile vitufe vya Bluetooth vya kutafutia funguo viache. Hutegemea simu ya mtu anayepita karibu, na katikati ya ngano hapiti mtu.

Kola ya redio

Hapa kola inazungumza moja kwa moja na kipokezi unachoshika mkononi, bila mnara wala bando. Garmin Astro na Alpha ni za aina hii. Ni ghali zaidi, lakini kwa mbwa wa kwale kwenye nyanda za juu za Nakuru ndiyo tunayoipendekeza.

Usinunue kwa kutazama umbali ulioandikwa kwenye boksi. Nyingine zimeandikwa maili 9, yaani zaidi ya kilomita 14. Antena ya mbwa iko kama sentimita 60 kutoka chini, na yako mita 1.5 ukiishika kifuani. Kwa vimo hivyo, mviringo wa dunia wenyewe unakata mawimbi yapata kilomita 8, hata kwenye ardhi tambarare isiyo na jani. Ongeza majani marefu, ongeza kigongo kimoja, na kilomita 2 au 3 ni kazi nzuri. Umbali wa boksi unaupata ukisimama kilimani, mbwa akiwa uwanda wa chini. Kwa hivyo kipokezi kikimpoteza, usimkimbilie bondeni. Panda juu kwanza, inua antena juu ya kichwa, subiri dakika nzima.

Miwa ina shida yake. Huko Muhoroni na Chemelil muwa uliokomaa unampita mtu kimo, na majani yamejaa maji yanayonyonya mawimbi. Mbwa akiingia kwenye safu, kola haioni anga vizuri na redio haitoki vizuri, yote kwa pamoja. Tembea kwenye barabara za trekta, na kila unapofika njia panda simama usome kipokezi.

Mifano ya Marekani hutumia MHz 151 hadi 154. Ya Ulaya iko kwenye masafa mengine, na hazisikilizani. Kola ya ndugu aliye Marekani na kipokezi kilichonunuliwa Ulaya haviungani. Tena, masafa yaliyo huru kule si lazima yawe huru hapa: vifaa vya redio huidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano, kwa hivyo muombe muuzaji akuonyeshe idhini kabla hujalipa.

Inatuma kila baada ya muda gani?

Mbwa anayekimbia kilomita 29 kwa saa anakata mita 8 kwa sekunde. Kola inayotuma kila sekunde 2.5 iko nyuma yake mita 20. Kila sekunde 10, mita 80. Kila sekunde 30, mita 240. Kila dakika 2, karibu kilomita nzima, na kwa mbwa wa kwale hiyo haina maana. Chukua inayoweza sekunde 10 au chini, kisha uulize betri inadumu saa ngapi kwa mwendo huohuo, kwa sababu saa zinazotangazwa mara nyingi ni za mwendo wa pole. Hakikisha pia inatoa ishara mbwa anaposimama, ujue ameganda.

Ijaribu kabla ya kulipa

Jaza maji chupa ya soda ya lita 2, ifunge kola, iweke juu ya stuli. Maji yanafanya kazi ya shingo, kwa sababu mwili nao hunyonya mawimbi. Kola iliyoshikwa hewani kwa mkono itakupa umbali ambao mbwa hatakupa kamwe. Mwache mtu hapo, tembea mita 500, kilomita 1, kilomita 2, na uandike inapokatika. Mwombe aigeuze antena itazame chini, uone tofauti.

Tofauti hiyo ndiyo utakayoikuta shambani kola ikilegea. Boksi la betri ni zito na linatakiwa kukaa chini ya koo, antena kisogoni ikitazama juu. Vidole viwili vipite chini ya ukanda, visipwaye. Ukiweza kuizungusha kwa kidole kimoja imelegea: itageuka mbwa akipita kwenye migunga, nawe utadhani redio ni mbovu. Uzito si tatizo kwa mbwa wa kilo 25. Kola ya gramu 280 ni asilimia 1 na kidogo.

Iwashe nje ya gari, juu ya boneti, na mbwa akae amefungwa mpaka GPS ishike. Kila setilaiti huchukua sekunde 30 kutangaza njia yake, na mti ukikatiza katikati kola inaanza upya. Kola iliyokaa kabatini miezi inaweza kuhitaji dakika 12 hadi 13.

Kwa mashamba ya mpunga na mafunjo chagua yenye kiwango cha kuzuia maji cha IP67 au zaidi. Hiyo huvumilia mita 1 ya maji kwa dakika 30. Mbwa akirudi, vua kola siku hiyohiyo. Panua manyoya chini ya koo palipokaa boksi: nywele zilizokatika na ngozi nyekundu yenye unyevu ni mwanzo wa kidonda, na kupe hupenda kujificha hapo. Sugua pini za chaji kwa mswaki mkavu kabla ya kuchomeka, maana tope likikauka juu yake taa ya chaji inaweza kuwaka na betri isijae.