Kuondoa panya kwenye banda la kuku na stoo bila kuua mbwa wala paka

Nyumba yenye banda la kuku, stoo ya pumba na mbwa wa ulinzi hupata panya kwa sababu moja kubwa: chakula hulala nje. Ukianza na sumu kabla ya kuondoa chakula hicho, panya hana shida na chambo chako, pumba safi ipo pembeni. Atakayekila ni mbwa, maana yeye hachagui.

Angalia kwanza mavi. Ya panya wa darini yana urefu wa kama milimita 12 na ncha zilizochongoka. Ya panya mkubwa wa mitaroni ni manene zaidi, hufika milimita 18, na ncha zake ni butu. Wa darini ana mkia mrefu kuliko mwili na hupanda vizuri, kwa hiyo mitego yake hukaa juu ya boriti na kenchi. Wa mitaroni huchimba chini ya sakafu ya banda na hupita akigusa ukuta. Utaona michirizi myeusi ya mafuta ya manyoya yake. Ukitega chini wakati mgeni wako anaishi juu, utalaumu mtego bure.

Chakula

Kuku wa mayai hula gramu 110 hadi 120 kwa siku, hivyo kuku 20 wanahitaji kama kilo 2.4. Pima, gawa mara mbili, na hakikisha vyombo ni vitupu ifikapo saa 12 jioni. Kilichobaki kitolewe bandani. Panya mmoja hula gramu 15 hadi 30 kwa siku, ukiacha anachokikojolea, kwa hiyo panya kumi wanakula posho ya kuku wawili.

Pumba na mashudu viwekwe kwenye pipa la bati lenye mfuniko unaobana. Ndoo ya plastiki hutobolewa kuanzia ukingoni, pale meno yanapopata pa kushika. Magunia yasiyoenea kwenye pipa yapange juu ya chaga, sentimita 30 kutoka sakafuni na 30 kutoka ukutani, ili uweze kuona na kufagia nyuma yake. Ugali wa mbwa uondolewe akishamaliza kula. Sufuria ya makombo inayolala mlangoni ni karamu. Bomba linalovuja nalo lizibwe, kwa sababu panya wa mitaroni hakai mbali na maji.

Kuziba

Wavu mwembamba wa kuku, ule wa matundu ya pembe sita, huzuia kuku kutoka tu. Panya mchanga hupenya, na mkubwa huutafuna. Tumia wavu wa chuma uliochomelewa wenye matundu ya nusu inchi, au robo inchi ukitaka kuzuia na vipanya vidogo. Chimba mtaro wa sentimita 30 kuzunguka banda, shusha wavu wima hadi chini, kisha ukunje kuelekea nje sentimita 20 hadi 30 na ufukie. Panya huanza kuchimba pale ukuta unapokutana na ardhi. Akikutana na wavu huhamia pembeni kidogo na kuchimba tena palepale ukutani. Ni nadra sana kurudi nyuma na kuanzia mbali.

Tundu lolote linalopitisha kidole kidogo cha mkono ni mlango wa panya mchanga. Lijaze waya wa kusugulia masufuria, ulioshindiliwa vizuri, halafu piga lipu ya saruji moja kwa mchanga tatu. Povu la kuzibia nyufa linatafunwa usiku mmoja. Kabla ya kuziba, sokomeza gazeti tundu hilo na uangalie kwa usiku mbili au tatu. Likisukumwa, bado kuna wakazi, tega kwanza. Ukiwafungia ndani watafia humo, na harufu itakukaa wiki kadhaa.

Matawi yaliyoegemea paa yakatwe yabaki umbali wa mita moja na zaidi. Pwani, mnazi ulio karibu na nyumba fungia bati bapa kuzunguka shina, juu ya kimo cha mtu.

Mtego ndani ya sanduku

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mtego wa springi, mkubwa wa panya na si ule wa vipanya, huua papo hapo na hauachi sumu yoyote kwa paka. Hatari yake ni pua ya mbwa na mguu wa paka, kwa hiyo usiutege wazi.

Tengeneza sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 60, upana 25 na kimo 20. Toboa tundu la sentimita 6 kila mwisho, upande utakaogusa ukuta, ili panya apite moja kwa moja kama alivyozoea. Weka mitego miwili sambamba katikati, sehemu ya chambo ikitazama upande wa ukuta. Kila tundu litabaki na kama sentimita 20 kabla ya mtego. Mfuniko uwe na komeo, na juu yake weka tofali au ulifunge sanduku kwa waya, maana mbwa akinusa dagaa atalipindua. Kama una vifaranga au watoto wa paka, sanduku likae nje ya banda, mahali wasipofika; wao hupita kwenye tundu hilo.

Chambo kisizidi punje ya harage: karanga iliyosagwa, nazi iliyochomwa, au kichwa cha dagaa kilichofungwa kwa uzi. Chambo kingi humfanya ale pembeni bila kufyatua. Panya wakubwa huogopa kitu kipya, kwa hiyo acha mitego na chambo bila kuitega kwa siku tatu hadi saba. Kikianza kuliwa kila usiku, tega yote kwa mpigo. Masanduku yawe mita tatu hadi tano moja kutoka jingine. Kosa la kawaida ni kununua mtego mmoja na kuuhamisha kila siku.

Gundi achana nayo. Hunasa mijusi, vifaranga na paka, na panya hufa taratibu kwa mateso. Mnyama akinaswa, mpake mafuta ya kula, usimvute. Paka naye ni msaidizi tu. Vipanya atavimaliza, lakini panya wa mitaroni aliyekomaa, paka wengi humkwepa.

Kusafisha

Usifagie mavi makavu. Fungua milango, vaa glavu, loweka kwa jiki sehemu moja kwa maji tisa, subiri dakika kumi, kisha futa. Mkojo wa panya hueneza homa ya mgunda (leptospirosis), ugonjwa wa bakteria uliothibitishwa Ruangwa mkoani Lindi mwaka 2022. Mbwa nao huugua, na chanjo yao ipo. Mizoga ifukiwe nusu mita chini. Kwenye maeneo yenye historia ya tauni, kama Lushoto, ukikuta panya wamejifia usiwaguse. Toa taarifa kituo cha afya, kwa sababu viroboto huhama mzoga na kutafuta damu nyingine.

Ukilazimika kutumia sumu

Chembechembe za mitaani zisizo na lebo usinunue kabisa. Mara nyingi ni viuatilifu vikali vya shambani, na mbwa hutokwa mate, hutetemeka na kufa kwa muda mfupi. Zinki fosfaidi, unga wa kijivu unaonuka kama kitunguu saumu, hutoa gesi ya sumu tumboni na haina dawa ya kuibatilisha. Sumu za panya za brodifakumu na bromadioloni huzuia damu kuganda. Panya hufa baada ya siku tatu hadi saba, na paka au bundi atakayemla anaweza kudhurika. Kama ni lazima, tumia vipande vigumu vya sumu hizi za kuzuia damu kuganda, vilivyotungwa kwenye waya ndani ya sanduku lenye komeo, na okota mizoga kila asubuhi.

Mbwa akila sumu, mpeleke kwa daktari wa mifugo na pakiti yake, hata kama anaonekana mzima. Kwa sumu za kuzuia damu kuganda dalili huchelewa siku mbili hadi tano: ufizi kupauka, kukohoa, kutokwa damu puani. Vitamini K1 humwokoa, lakini hutolewa kwa wiki kadhaa. Maziwa hayaondoi sumu. Usimnyweshe chumvi ili atapike, nayo humuua. Na kama ni zinki fosfaidi, usimpe chakula, kwani huongeza asidi na gesi; akitapika garini, fungua madirisha yote.