Somo: Kutayarisha gari la rimoti la umeme kwa vumbi letu, kabla ya kuliongezea mbio

Swali linalorudi kila mara ni hili: nimenunua gari la rimoti, nataka likimbie zaidi, niweke mota gani? Jibu langu: mota ije mwisho. Hapa Uganda kinachoyaua magari haya ni vumbi jekundu na joto, na mota kubwa huongeza joto tu. Somo hili ni la gari au lori la umeme la skeli 1:10 (sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa gari la kweli), lenye mota ya kaboni, yaani ile yenye vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani na betri ya seli mbili. Ukiwa na dogo la 1:14 au 1:18 mambo ni yale yale, skrubu tu ndizo zinatesa macho.

Kwanza hakikisha ni gari la hobi, si la kuchezea tu. Zungusha usukani wa rimoti polepole. Magurudumu yakifuata polepole, sawa. Yakiruka hadi mwisho kwa mpigo mmoja, hilo ni la mtoto, spea hutaziona. Tamiya wa Japani walitoa gari lao la kwanza la rimoti mwaka 1976, Porsche 934, na utamu wa magari ya namna hiyo ni kwamba mkono wa gurudumu ukivunjika unanunua mkono huo, si gari jipya.

Hatua ya 1: Betri

LiPo (betri ya lithiamu) ya seli mbili huandikwa volti 7.4. Ikijaa inasoma 8.4, yaani 4.2 kwa kila seli. Ikishuka chini ya 3.0 kwa seli, hesabu hasara. Kwa hiyo kabla ya kukanyaga mafuta, angalia ESC, kile kisanduku kinachogawa umeme kwenda kwenye mota, uhakikishe kimewekwa kwenye hali ya LiPo. Kikiwa kwenye hali ya NiMH (betri za zamani za nikeli) hakikati umeme mapema vya kutosha kuiokoa LiPo. Gari litajikongoja mpaka seli zife.

Betri ya mAh 5000 (yaani ampea-saa 5) ichaji kwa ampea 5, ukichomeka na ile plagi nyeupe ndogo inayosawazisha seli. Umeme wa nyumbani ukikatika, chaja nyingi za hobi hupokea pia volti 12, kwa hiyo betri ya sola au ya gari la kweli inaweza kukuokoa. Soma maandishi ya nyuma ya chaja kwanza. Chajia juu ya sakafu ya saruji, mbali na godoro na mapazia, na usiondoke. Betri iliyovimba haichajiwi tena hata kama bado inaendesha gari. Kama huchezi wiki hii, iache kwenye 3.8 kwa seli. Ikikaa imejaa kwenye chumba chenye bati la moto juu, inavimba yenyewe.

Hatua ya 2: Beringi na vumbi

Magari mengi ya bei ya chini huja na bushi za plastiki, vipete vinavyoshika ekseli, kwenye magurudumu. Vumbi likiingia hapo linakuwa msasa. Toa bushi, pima kipenyo cha ndani, cha nje na unene kwa milimita (5 kwa 11 kwa 4 ni kipimo cha kawaida sana), kisha agiza beringi zenye kifuniko cha mpira pande zote mbili. Za kifuniko cha bati huzunguka vizuri dukani, lakini kwenye vumbi hazikai. Usihangaike Kiseka, soko la spea za magari Kampala; pale utapata beringi za Noah na Premio, hizi ndogo ni za kuagiza.

Giya zilizo wazi usizipake grisi. Najua fundi wa bodaboda atakuambia upake, na kwa mnyororo wake ana haki, ila hapa grisi inakamata mchanga na kula meno. Grisi ni ya ndani ya difu iliyofungwa, ile giya inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili.

Watu wengine huvalisha chasisi soksi ndefu ya kike ili kuzuia vumbi. Inafanya kazi. Acha tu nafasi ya hewa juu ya mota, la sivyo umeipikia sauna.

Hatua ya 3: Giya

Hapa ndipo ningependa mtumie muda wenu mwingi, maana giya ndogo inagharimu kidogo na inabadilisha gari zima.

Kwenye shafti ya mota kuna giya ndogo, nayo inazungusha giya kubwa ya plastiki. Gawanya meno ya kubwa kwa meno ya ndogo. Kubwa ikiwa na 86 na ndogo 19, unapata 4.53: mota inazunguka mara nne na nusu ili giya kubwa izunguke mara moja. Ukiweka ndogo ya meno 21, unapata 4.10, mwisho wa mbio unapanda, lakini mota inavuta umeme mwingi na inachemka. Ukishuka hadi 17, unapata 5.06: gari linaondoka kwa nguvu, linapanda mlima vizuri, mota inapoa. Kwa nyasi ndefu na udongo laini mimi huchagua upande huu wa pili bila kufikiri. Kasi ya juu unaihitaji kwenye lami ndefu, na lami ndefu ni ya matatu na bodaboda, si yetu.

Kufunga giya kuna ufundi wake. Legeza skrubu mbili za mota. Kata utepe wa karatasi ya daftari, upana wa kidole, upitishe katikati ya meno ya giya mbili. Sukuma mota mpaka giya zibane karatasi, kaza skrubu, kisha zungusha giya kwa mkono utoe karatasi. Itazame kwenye mwanga: ikiwa na mikunjo iliyo sawa, bila kutoboka, umepata. Ikichanika umebana mno. Ikitoka na alama hafifu, giya zimeachana na siku moja utasikia krrr, meno yamekwisha. Rudia sehemu tatu za giya kubwa, kwa sababu za plastiki mara nyingi si duara kamili. Na kile kiskrubu kinachobana giya ndogo kikae juu ya upande bapa wa shafti, si pembeni.

Ukimaliza, endesha dakika tano, simama, gusa mota. Vidole vikivumilia sekunde tatu, endelea. Kama unashtuka na kutoa mkono, rudi meno mawili chini. Mwenye kipimajoto cha viwandani azime kabla ya nyuzi 80. Ile bunduki ya kupimia homa tuliyobaki nayo tangu korona isikudanganye, nyingi zimetengenezwa kwa joto la mwili na juu ya hapo zinakataa kusoma.

Hatua ya 4: Skrubu

Chuma kwa chuma, tia tone la gundi ya skrubu. Ukikosa, rangi ya kucha inashika vizuri tu. Chuma kwa plastiki, usitie chochote.

Hatua ya 5: Shokapu na tairi

Kwa barabara yenye makorongo, springi laini na mafuta mepesi ya silikoni huacha tairi ziguse chini. Ukipenda kurusha gari hewani, mafuta mazito, chasisi isipige ardhi. Tairi za vijipini hung'ang'ania vumbi vizuri, na zinaisha haraka sana kwenye lami.

Hatua ya 6: Sasa mota

Mkifika hapa, ingieni brashilesi, mota isiyo na kaboni. Namba ya KV ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti, bila mzigo: KV 3300 kwa volti 7.4 ni mizunguko kama 24,400. Lori zito lipe KV ndogo, gari jepesi KV kubwa. Nunua mota na ESC yake pamoja. Kulehemu zile waya nene usimpelekee fundi wa simu, chuma chake ni chembamba, hakipashi waya. Tafuta fundi wa redio mwenye cha wati 60 au zaidi.

MASWALI YA WANACHAMA

Afande wa Bombo: Mzee, ESC yangu ni ya mota ya kaboni. Naweza kuipa betri ya seli tatu?

Jibu: Afande, igeuze usome. Ikiwa imeandikwa 2S (seli mbili) peke yake, hapana, itatoa moshi. Ikiwa inakubali 3S, kumbuka umetoka volti 7.4 hadi 11.1, nusu nzima juu. Shusha giya ndogo meno matatu, na uweke mota ya akiba ndani ya begi.

Dada wa Arua: Shangazi yangu anarudi kutoka Dubai. Aniletee betri mbili za 5000?

Jibu: Dada, inawezekana. Zidisha ampea-saa 5 kwa volti 7.4, ni Wh (wati-saa) 37 kila moja, na mpaka wa kawaida kwenye ndege ni 100. Azibebe kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku linaloenda chini. Midomo ya plagi ifungwe kwa selotepu. Aulize shirika lake la ndege kwanza, mengine yana masharti ya ziada. Na umsalimie.

Kijana wa Busia: Gari likienda mbali linaendelea kukimbia lenyewe! Juzi limeingia kwenye kibanda cha mama wa chapati.

Jibu: Mwombe mama radhi, kisha weka fail-safe, kwamba mawimbi yakipotea gari lisimame. Kijitabu cha rimoti kinaonyesha namna. Jaribu gari likiwa juu ya kopo, magurudumu hewani: kanyaga kidogo, zima rimoti, utazame. Na siku zote rimoti iwashwe kwanza, izimwe mwisho.

Mama wa Jinja: Kijana wangu ana miaka tisa. Si hatari?

Jibu: Mama, rimoti nyingi zina kitufe cha kupunguza nguvu hadi nusu, mwanzishe hapo, kwenye uwanja usio na watoto wadogo. Kuchaji betri iwe kazi yako au ya baba yake.

Mzee wa Fort Portal: Kwetu mvua haiishi. ESC imeandikwa haiogopi maji, basi nioshe kwa hosi?

Jibu: Mzee wangu, ESC haiogopi, beringi zinaogopa. Matope yaache yakauke, yapige brashi, pangusa kwa kitambaa chenye unyevu, kisha tone la mafuta mepesi kila beringi siku hiyo hiyo.

Kijana wa Busia: Nimepaka bodi rangi ya sprei ya gari, inabanduka yote.

Jibu: Bodi ya Lexan, ile plastiki angavu, hupakwa kwa ndani, kwa rangi ya polikabonati. Ioshe kwa sabuni ya vyombo, ikauke, anza na rangi za giza kisha zile za mwanga, kwa sababu unaitazama kutoka upande wa pili. Ile karatasi laini ya nje ibandue mwisho kabisa.