Somo: Fayawoli na NAT ndani ya swichi moja ya Open vSwitch

Somo hili ni la yule aliyekwisha kuwasha Mininet, programu inayoigiza mtandao mzima ndani ya mashine moja, akaona pingall (amri ya kupima kama mashine zote zinafikiana) inakubali, na sasa anataka swichi yake ya programu, Open vSwitch, ifanye kazi ya maana. Tutajenga vitu viwili kwa pamoja: fayawoli inayokumbuka miunganisho, na tafsiri ya anwani, yaani NAT, inayowatoa watu wa ndani kwa kutumia anwani moja tu ya nje.

Nimeviunganisha kwa makusudi. Watu wengi hufundishwa fayawoli leo, NAT wiki ijayo, kana kwamba ni mashine mbili tofauti. Ndani ya Open vSwitch vyote viwili vinategemea daftari moja, lile ambalo keneli ya Linux hulitunza kwa jina la conntrack. Kila muunganisho mpya unaandikwa humo, na kila pakiti inayofuata inalinganishwa na kilichoandikwa. Ukilielewa daftari hilo, kanuni zinazobaki ni chache.

Jambo moja lishike tangu sasa: unapoandika kanuni, fikiria kwanza pakiti inayorudi. Pakiti inayokwenda haina taabu. Karibu kila tatizo ninaloletewa, chanzo chake kiko kwenye jibu.

Unachohitaji

Mashine moja ya Linux, ya kawaida au ya kuigizwa, yenye Mininet na Open vSwitch. Toleo la Open vSwitch liwe 2.6 au jipya zaidi: conntrack iliingia kwenye 2.5 na NAT ikafuata kwenye 2.6, yote mwaka 2016. Angalia kwa `ovs-vsctl --version`.

Anwani za ndani zitatoka kwenye 10.0.0.0/8, zilizotengwa na RFC 1918 (waraka wa kanuni za intaneti) ya mwaka 1996 kwa mitandao ya ndani. Za nje zitatoka 203.0.113.0/24, zilizotengwa na RFC 5737 kwa ajili ya mifano na mafunzo. Zitumie hizo hizo. Ukiokota anwani yoyote ya nje, siku moja jaribio lako litavuja na kugongana na seva ya mtu.

Hatua ya 1: Washa mtandao

```
sudo mn --topo single,3 --mac --switch ovsk --controller none
```

Tumepata swichi s1 na mashine tatu: h1 na h2 za ndani kwenye poti 1 na 2, h3 ya nje kwenye poti 3. Hakuna kontrola, yaani programu ya pembeni inayoiamuru swichi. Kwa kuwa Mininet huiweka swichi katika hali ya `secure`, haipitishi chochote hadi tuiambie. Hivyo ndivyo fayawoli inavyopaswa kuanza, imefungwa.

Sasa anwani, ukiwa ndani ya Mininet:

```
h3 ip addr flush dev h3-eth0
h3 ip addr add 203.0.113.10/24 dev h3-eth0
h1 ip route add default via 10.0.0.254
h2 ip route add default via 10.0.0.254
h1 ip neigh replace 10.0.0.254 lladdr 02:00:00:00:00:fe dev h1-eth0 nud permanent
h2 ip neigh replace 10.0.0.254 lladdr 02:00:00:00:00:fe dev h2-eth0 nud permanent
h3 ip neigh replace 203.0.113.1 lladdr 02:00:00:00:00:fe dev h3-eth0 nud permanent
```

10.0.0.254 na 203.0.113.1 hazina mashine nyuma yake. Ni nyuso mbili za ruta ambayo swichi yetu itajifanya kuwa. Kwa kuwa hakuna wa kujibu maulizo ya ARP (yanayotafuta MAC, yaani anwani ya kadi, ya mwenye anwani ya IP) kwa ajili yake, tumeandika majibu kwa mkono. Kuifundisha swichi kujibu ARP yenyewe kunawezekana, ila ni somo jingine.

Hatua ya 2: Andika kanuni

Weka haya kwenye faili `sheria.txt`, katika folda uliyowashia Mininet:

```
# Jedwali 0: wa ndani wao kwa wao, wengine waende daftarini
table=0,priority=30,in_port=1,arp,actions=output:2
table=0,priority=30,in_port=2,arp,actions=output:1
table=0,priority=20,in_port=1,dl_dst=00:00:00:00:00:02,actions=output:2
table=0,priority=20,in_port=2,dl_dst=00:00:00:00:00:01,actions=output:1
table=0,priority=10,ip,actions=ct(table=1,zone=7,nat)
table=0,priority=0,actions=drop

# Jedwali 1: hukumu
table=1,priority=30,ip,ct_state=+trk+inv,actions=drop
table=1,priority=20,ip,ct_state=+trk+est,actions=resubmit(,2)
table=1,priority=20,ip,ct_state=+trk+rel-new,actions=resubmit(,2)
table=1,priority=10,tcp,in_port=1,tp_dst=80,ct_state=+trk+new,actions=ct(commit,zone=7,nat(src=203.0.113.1:20000-29999),table=2)
table=1,priority=10,tcp,in_port=2,tp_dst=80,ct_state=+trk+new,actions=ct(commit,zone=7,nat(src=203.0.113.1:20000-29999),table=2)
table=1,priority=0,actions=drop

# Jedwali 2: kufikisha
table=2,ip,nw_dst=10.0.0.1,actions=mod_dl_src:02:00:00:00:00:fe,mod_dl_dst:00:00:00:00:00:01,output:1
table=2,ip,nw_dst=10.0.0.2,actions=mod_dl_src:02:00:00:00:00:fe,mod_dl_dst:00:00:00:00:00:02,output:2
table=2,ip,nw_dst=203.0.113.10,actions=mod_dl_src:02:00:00:00:00:fe,mod_dl_dst:00:00:00:00:00:03,output:3
```

Kisha uzipakie:

```
sh ovs-ofctl add-flows s1 sheria.txt
```

Tusimame kidogo kwenye mstari wa `ct(table=1,zone=7,nat)`, maana ndio moyo wa somo zima. Unasema: ipeleke pakiti daftarini, uitazame kwenye ukurasa namba 7, kisha uendelee na jedwali 1. Lile neno `nat` lililosimama peke yake, bila mabano, halianzishi tafsiri mpya. Linasema kwamba kama muunganisho huu umeshapewa tafsiri, itumie, iwe pakiti inakwenda au inarudi. Jibu la h3 linafika likiwa limeandikwa 203.0.113.1, na linatoka kwenye mstari huo likiwa limeandikwa 10.0.0.1. Ukilisahau neno hilo, pakiti ya kwanza itatoka vizuri, jibu litafika mlangoni, na halitapata njia ya kwenda kwa mwenyewe.

Tafsiri mpya huanzishwa na `ct(commit,...,nat(src=...))` katika jedwali 1, na ni kwa pakiti zenye hali ya `+new` (muunganisho ambao bado haujaandikwa daftarini) kutoka poti za ndani peke yake. Hakuna kanuni ya `+new` kwa poti 3. Ukosefu wa mstari huo ndiyo fayawoli yenyewe.

Kanuni ya `+rel` wengi huiacha, nami nakusihi usiiache. Ndiyo inayopitisha taarifa za ICMP (ujumbe wa hitilafu za mtandao) zinazohusu muunganisho uliopo, kama ile ya kusema pakiti ni kubwa mno kwa njia hiyo. Ukizizuia, kurasa ndogo zitafunguka na mafaili makubwa yatakwama, na utaitafuta sababu usiku kucha.

Hatua ya 3: Jaribu

```
h3 python3 -m http.server 80 &
h1 curl -m 3 http://203.0.113.10/
h1 curl -m 3 http://203.0.113.10:22/
h3 curl -m 3 http://10.0.0.1/
```

Ya kwanza ijibu. Ya pili ikae kimya hadi sekunde 3 ziishe. Kimya hicho ni dalili ya fayawoli kutupa pakiti. Ukiona "Connection refused" badala yake, ujue pakiti imefika kwa h3 na fayawoli haikuizuia. Ya tatu itakataa mapema kwa sababu h3 haina njia ya kwenda 10.0.0.0/8. Iongezee njia kwa `h3 ip route add default via 203.0.113.1` kisha urudie: hapo itakuwa imezuiwa na jedwali 1.

Usiridhike na curl. Lifungue daftari:

```
sh ovs-appctl dpctl/dump-conntrack zone=7
```

Utaona mstari wa namna hii:

```
tcp,orig=(src=10.0.0.1,dst=203.0.113.10,sport=45678,dport=80),reply=(src=203.0.113.10,dst=203.0.113.1,sport=80,dport=20417),zone=7,protoinfo=(state=TIME_WAIT)
```

Usome taratibu. Sehemu ya `orig` ni muunganisho kama h1 anavyoujua. `Reply` ni jibu kama h3 anavyolituma. Tofauti kati ya 10.0.0.1:45678 na 203.0.113.1:20417 ndiyo NAT yote. Hakuna kingine kilichofichika.

Kisha `sh ovs-ofctl dump-flows s1` na utazame `n_packets` ya kila kanuni. Kanuni ambayo hesabu yake haipandi haijaguswa na pakiti yoyote, hata kama unaamini inafanya kazi.

Hatua ya 4: Fungulia huduma ya ndani

Sasa tuseme h2 ina seva ya wavuti na tunataka wa nje waifikie kwa poti 8080:

```
sh ovs-ofctl add-flow s1 "table=1,priority=10,tcp,in_port=3,nw_dst=203.0.113.1,tp_dst=8080,ct_state=+trk+new,actions=ct(commit,zone=7,nat(dst=10.0.0.2:80),table=2)"
h2 python3 -m http.server 80 &
h3 curl -m 3 http://203.0.113.1:8080/
```

Hapa `table=2` ndani ya mabano ni lazima. Jedwali 2 linachagua poti kwa kuangalia anwani ya mwisho, kwa hiyo pakiti inapaswa kulifikia ikiwa imekwisha kubadilishwa kuwa 10.0.0.2. Kwa kanuni za kurudi hatuongezi chochote. Daftari linazijua tayari.

---

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimeandika jedwali 2 kwa ufupi, `output:1` tu bila kubadilisha MAC. Nikiweka tcpdump kwa h1 naona jibu limefika kabisa, lakini curl haipati kitu. Pakiti inapotelea wapi?

Jibu: Marahaba. Haijapotea, imekataliwa na h1 mwenyewe. h3 alituma jibu kwa MAC ya ruta, 02:00:00:00:00:fe, na usipoibadilisha inafika kwa h1 ikiwa bado na MAC hiyo. Keneli ya h1 inaona si yake, inaitupa. tcpdump inakuonyesha kwa sababu huiweka kadi katika hali ya kupokea kila kitu, hata visivyo vyake. Endesha `h1 tcpdump -e -n -i h1-eth0` na utazame MAC ya mpokeaji: utaiona fe mahali pa 01.

Swali: Mkuu, kwa nini tusumbuke na conntrack? Mimi huandika kanuni mbili: toka ndani kwenda `tp_dst=80`, na toka nje yenye `tp_src=80`. Inafanya kazi.

Jibu: Inafanya kazi kwako na kwa mvamizi pia. Poti ya mtumaji huchaguliwa na mtumaji. Mtu wa nje akituma pakiti kutoka poti yake ya 80 kwenda poti 22 ya h1, kanuni yako ya pili inampitisha. Jaribu mwenyewe: `h3 curl --local-port 80 -m 3 http://10.0.0.1:22/`, baada ya kuzima seva ya h3 ili poti iwe wazi, na uone hesabu ya kanuni ikipanda. Kwa daftari, pakiti hiyo ni `+new` kutoka poti 3, na inaishia hapo.

Swali: Nimefuta kanuni ya poti 80 wakati h1 anapakua faili kubwa. Upakuaji umeendelea hadi mwisho! Ni hitilafu?

Jibu: Hapana. Ulifuta ruhusa ya kuanza, na muunganisho ule ulikwisha kuanza, kwa hiyo unapita kwa `+est`, kanuni ya miunganisho iliyokwisha kuandikwa daftarini. Ukitaka kuukata papo hapo, futa na daftari: `sh ovs-appctl dpctl/flush-conntrack zone=7`. Fanya hivyo pia kila unapobadilisha anwani za NAT, la sivyo miunganisho ya zamani itabaki na tafsiri ya zamani na majaribio yako yatakudanganya.

Swali: Ping haipiti kutoka h1 kwenda h3.

Jibu: Hatujairuhusu. Ongeza kwa kila poti ya ndani: `table=1,priority=10,icmp,in_port=1,ct_state=+trk+new,actions=ct(commit,zone=7,nat(src=203.0.113.1),table=2)`.

Swali: Poti 20000 hadi 29999 ni 10,000. Ina maana ni miunganisho 10,000 tu kwa mtandao mzima?

Jibu: Ni 10,000 kwa wakati mmoja kwa kila anwani na poti ya huko nje. Muunganisho hutambuliwa kwa anwani na poti za pande zote mbili, kwa hiyo 20417 inaweza kutumika kwenda seva mbili tofauti bila kuchanganyikiwa. Wanaoishiwa ni wale ambao watu wao wote wanakwenda kwenye seva moja.

Swali: Kontrola iko wapi mkuu? Hii ni SDN (mtandao unaoongozwa na programu) kweli?

Jibu: Kontrola ingeandika kanuni hizi hizi, ikizipeleka kwa OpenFlow, lugha ya kontrola na swichi, kupitia poti 6653. Nimependa uziandike kwa mkono kwanza ili ukija kuandika programu ya kontrola ujue unachokitafuta kwenye `dump-flows`. Ukifika huko, zipakie kanuni mapema swichi inapojiunga. Usiifanye kila pakiti ya kwanza ipande kwa kontrola kuomba ruhusa: muunganisho unachelewa, na mtu mmoja anayepapasa poti anaweza kuilemea kontrola nzima.

Swali: Nataka kuhamisha haya kwenye uwanja wa majaribio wenye mashine halisi, kama CloudLab. Nibadilishe nini?

Jibu: Kwanza kabisa, kila mashine huko ina kiunganishi cha usimamizi, kile ambacho ssh yako inapitia, na vingine vya majaribio. Tambua cha usimamizi kwa `ip route get` kuelekea kompyuta yako, na usikiingize kwenye swichi hata kidogo. Ukikiingiza, umejifungia nje.

Pili, viunganishi vya majaribio viondolee anwani kabla ya kuviingiza kwa `ovs-vsctl add-port`, na namba za poti uzisome upya kwa `ovs-ofctl show br0`, kwa maana huenda zisiwe 1, 2, 3 kwa mpangilio ule. MAC nazo ni za kadi halisi. Zibadilishe kwenye jedwali 2.

Tatu, swichi unayoiunda mwenyewe kwa `ovs-vsctl add-br` haianzi ikiwa `secure` kama ya Mininet. Inaanza ikiwa `standalone`, yaani swichi ya kawaida inayopitisha kila kitu, na ikiwa na kontrola kisha ikapoteza mawasiliano nayo, hurudi kwenye hali hiyo. Fayawoli yako itafunguka yenyewe bila kukuambia. Toa amri hii kabla ya kupakia kanuni hata moja:

```
sudo ovs-vsctl set-fail-mode br0 secure
```

Kisha hakikisha kwa `sudo ovs-vsctl get-fail-mode br0` kwamba inajibu `secure`.