Kijana wako akiitwa misheni: wiki za kwanza Provo

Kituo cha mafunzo ya wamisionari, vijana wanaotumwa kuhubiri, wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho (Wamormoni) kiko Provo, Utah, jirani na Chuo Kikuu cha Brigham Young. Mkimpeleka kijana wenu, jueni kwamba mtaagana kando ya barabara, tena haraka. Gari linasimama, mmisionari mwenye beji nyeusi kifuani anasaidia kushusha mabegi, mnakumbatiana, na huyo anaingia ndani. Sisi tuliozoea kumsindikiza mtu, tukarudi kumuaga tena, tukakumbuka neno moja zaidi, tunabaki tumeduwaa na injini inanguruma. Basi malizeni yote nyumbani: sala, picha, machozi, na wosia wa bibi kwa simu.

Nawaandikia wazazi, mashangazi na wajomba wa Afrika Mashariki wanaoishi Marekani ambao kijana wao kaitwa, hasa wale ambao wenyewe si waumini wa kanisa hilo. Mimi nilikuwa mmoja wao mpwa wangu alipokwenda. Tuanze na jina. Sema Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Ukisema “Mormoni” utaeleweka, ila mwaka 2018 rais wao wa wakati huo, Russell M. Nelson, alihimiza watu watumie jina kamili. Ni refu, najua.

Jina jingine litakalokuchekesha ni la kijana mwenyewe. Mmisionari wa kiume huitwa Elder, na waumini wa Kiswahili wanasema Mzee. Mtoto wa miaka 18, ndevu hazijatimia, anaitwa Mzee Fulani kwa jina la ukoo! Wa kike ni Dada Fulani. Mwite hivyo mbele ya wenzake. Nyumbani kwenye simu mwite unavyomwita siku zote.

Vijana wa kiume hutumika miezi 24, wa kike 18. Hachagui pa kwenda. Anaweza kuwa amekulia Texas akapelekwa Brazil, au akabaki hapahapa Marekani. Kama lugha ya huko anaijua, mafunzo ni wiki mbili tatu hivi. Kama anaanza moja, ni wiki sita au hata tisa, kutegemea ugumu wa lugha. Siku hizi sehemu ya mwanzo husomwa nyumbani kwa intaneti, kwa hiyo usimpe kazi ya kulea wadogo zake wiki hiyo. Yuko darasani, hata kama unamwona sebuleni.

Wengi hudhani kuamka mapema ndiko kutakakomshinda. Kuamka ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, taa kuzimwa saa nne na nusu usiku. Mtoto aliyelelewa na mama wa kwetu hilo halimtishi. Katikati ya hapo kuna vipindi virefu vya darasa, kusoma maandiko, chakula cha kujipakulia ukumbini, na muda wa mazoezi. Siku zinafanana mno, na wote husema siku za mwanzo zinajikokota, kisha wiki zinapaa.

Mtihani wenyewe ni mwenza. Kila mmisionari hupangiwa mwenzake, na kanuni ni kwamba wasiachane. Mle ndani watasoma pamoja, watakula pamoja, na mmoja akichelewa kufunga tai, wote wamechelewa. Kama kijana wako ana chumba chake na vipokea sauti masikioni tangu darasa la sita, hapo ndipo atakapolia. Mpwa wangu alipangiwa kijana wa shambani aliyekuwa akipiga mluzi tangu macho yanapofunguka. Simu ya kwanza ilikuwa mluzi mtupu. Ya tatu, alikuwa anamwombea mwenzake ambaye kapata habari mbaya kutoka kwao. Hivyo miezi ya mwisho kabla hajaondoka, mlaze chumba kimoja na binamu, mfundishe kusema “hili linanikera” bila kununa siku tatu. Itamfaa kuliko begi jipya.

Kwa wanaojifunza lugha, mapema sana wanaambiwa wakamfundishe mtu anayetaka kulijua kanisa, na hawaruhusiwi Kiingereza. Wanaingia na karatasi zenye sentensi walizokariri, jasho linawatoka, mtu anauliza swali dogo na wote wawili wanatumbua macho. Baadaye wanagundua yule mtu ni mwalimu wao. Walimu wengi ni vijana waliokwisha kurudi misheni. Kijana wetu aliyekua akichanganya lugha mbili tatu mezani ana nafuu hapa: haoni aibu kukosea. Mkumbushe hilo.

Kuhusu chai: waumini hawanywi chai ya majani wala kahawa, pombe wala tumbaku. Akija kuaga, usimwekee kikombe kisha ukanuna akikataa. Maziwa ya moto yenye tangawizi yanatosha, na hakuna anayevunja kanuni.

Mawasiliano ndiyo yanayowaumiza wazazi wetu kuliko kitu chochote. Zamani ilikuwa simu mbili kwa mwaka. Tangu Februari 2019 wamisionari wanaruhusiwa kupiga nyumbani kila wiki, kwenye siku yao ya maandalizi, siku hiyohiyo ya kufua na kuandika barua. Ulizeni mapema ni siku gani, maana si lazima iwe mwisho wa wiki, na kama bibi yuko Kisumu au Mwanza, hesabuni tofauti ya saa kabla hamjamkesheza bure. Wekeni zamu ya kuongea. Habari za msiba au ugonjwa nyumbani zisitupwe kwenye ujumbe mfupi. Mpigieni askofu wake, yaani kiongozi wa kusanyiko lake la nyumbani, au uongozi wa kituo, wamwambie akiwa na mtu karibu.

Mizigo: fuateni orodha anayopewa pamoja na mwito wake, na msinunue zaidi. Viatu viwe vya kutembea kweli, vimevaliwa kabla. Wasichana wasuke kabla ya kuondoka, mtindo utakaodumu, kwa sababu kumpata msusi akiwa mle si rahisi. Nakala za chanjo, pasipoti na karatasi za uhamiaji, baki nazo pia nyumbani. Kwa asiye raia wa Marekani, muulizeni wakili wa uhamiaji kabla hajatoka nje ya nchi kwa miaka miwili. Mwenye kadi ya kijani anaweza kujikuta na matatizo ya kurudi.

Na wapo wanaorudi kabla ya muda, kwa afya au kwa moyo kukataa. Akirudi, kapokeeni uwanja wa ndege kama mlivyompeleka, mkiwa na chakula kwenye gari, na maswali yakae wiki nzima bila kuulizwa.