Siku tatu Napoli: jinsi ya kupanga safari fupi ya kuona Herculaneum na Pompeii

Wengi wanaoniomba niwapangie safari ya Italia huwa tayari wameshaamua: tutalala Roma, kisha siku moja tuchomoke asubuhi tukaione Pompeii na kurudi jioni. Inawezekana, kwa sababu treni ya kasi kutoka Roma hadi Napoli huchukua kama saa moja na dakika kumi. Lakini ukijumlisha treni ya pili, foleni ya getini na jua la mchana, utaingia Pompeii umeshachoka, na utakachokiona ni kuta nyingi zisizo na paa. Ninachowashauri wateja wangu ni kulala Napoli siku tatu na kuyaona magofu ya miji miwili ya Kirumi iliyofukiwa na volkano, kwa mpangilio huu: kwanza Herculaneum, kisha Pompeii, na mwisho makumbusho yenye vitu vilivyofukuliwa humo. Sababu zake nitazieleza njiani.

Hatua ya 1: Chagua mwezi, kisha chagua siku za wiki

Aprili, Mei na Oktoba ndiyo miezi mizuri. Pompeii ni mji mzima ulio wazi, wenye ukubwa wa hekta 66 hivi, na kivuli ni haba. Julai na Agosti joto lake linachosha hata waliozoea Dar es Salaam au Mombasa, maana mawe yanarudisha joto toka chini. Wakati wa baridi kuna nafasi zaidi, ila milango hufungwa mapema: kuanzia Novemba hadi Machi mtu wa mwisho huingia saa tisa na nusu alasiri.

Siku za wiki nazo zina uzito. Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia ya Napoli hufungwa Jumanne, kwa hiyo usiiweke Jumanne kuwa siku ya tatu. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi kiingilio ni bure katika maeneo ya serikali. Mwenye bajeti ndogo ataifurahia, lakini anayetaka utulivu aikwepe, kwa kuwa nusu ya mji huwa imekuja. Mimi hupenda Alhamisi hadi Jumamosi.

Hatua ya 2: Viza kabla ya tiketi ya ndege

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya, Italia ikiwemo) ya muda mfupi. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Usisubiri hizo 15, kwani faili likihitaji uchunguzi zaidi linaweza kukaa hadi siku 45. Bima ya safari lazima igharamie matibabu ya angalau euro 30,000, na pasipoti iwe hai kwa miezi mitatu baada ya tarehe ya kuondoka Ulaya. Weka nafasi ya ndege na ya hoteli inayoweza kufutwa. Malipo kamili yasubiri viza itoke.

Kutoka Afrika Mashariki hakuna ndege ya moja kwa moja hadi Napoli. Njia rahisi ni kupitia Istanbul, ambako utabadilisha ndege na kushuka Napoli kwenyewe, au kupitia Addis Ababa hadi Roma kisha treni. Anayetoka Muscat au Dubai atapata Roma kwa urahisi zaidi.

Hatua ya 3: Mahali pa kulala

Eneo la Piazza Garibaldi, mbele ya stesheni kuu, lina hoteli nyingi za bei nafuu, lakini lina kelele na usiku halipendezi kwa mgeni. Mimi huwaweka watu karibu na Piazza Cavour. Hapo makumbusho unayafikia kwa miguu, mitaa ya mji wa kale iko nyuma yako, na metro ya Linea 2 inakufikisha Garibaldi kwa kituo kimoja tu. Popote utakapolala, kwenye mabasi na treni zilizojaa mkoba uwe mbele ya kifua.

Hatua ya 4: Tiketi za magofu

Tangu Novemba 2024 Pompeii haipokei zaidi ya watu 20,000 kwa siku, na tiketi huandikwa jina la mwenyewe. Nunua kwenye tovuti rasmi ya hifadhi mapema, jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, na siku hiyo ubebe kitambulisho. Begi linalozidi sentimita 30 kwa 30 kwa 15 haliruhusiwi ndani, hivyo masanduku yabaki hotelini. Vilevile hakikisha saa za kufungua za Herculaneum kwa tarehe zako.

Siku ya kwanza: Herculaneum

Teremka chini ya stesheni ya Napoli Centrale hadi kwenye treni za Circumvesuviana, kisha panda ile inayokwenda Sorrento. Njia ziko kadhaa, kwa hiyo soma jina la kituo cha mwisho kabla ya kupanda. Shuka Ercolano Scavi, baada ya dakika kama 20, kisha ufuate barabara inayoshuka moja kwa moja kuelekea baharini. Dakika kumi hivi uko getini.

Ninaanza na mji huu kwa sababu ni mdogo na umekamilika zaidi. Mlima Vesuvio ulipolipuka mwaka 79, Pompeii ilinyeshewa mawe mepesi ya volkano kwa saa nyingi hadi mapaa yakaelemewa na kuporomoka. Herculaneum ilivamiwa na mawimbi ya gesi na majivu ya moto yaliyoifukia hadi kina cha mita 20 hivi. Mbao zilikosa hewa ya kuwakia zikageuka mkaa, na ndiyo maana leo bado unaona maboriti, milango, kitanda, hata ukuta wa mbao wa kugawa sebule katika Casa del Tramezzo di Legno. Kuna nyumba zenye ghorofa ya pili. Saa mbili au tatu humu zitakufundisha nyumba ya Kirumi ilivyopangwa: ukumbi wenye tundu la paa, bwawa la maji ya mvua chini yake, bustani nyuma. Kesho yake, ukisimama Pompeii mbele ya kuta tupu, utajua kilichokuwa juu yake.

Mwishoni shuka hadi mabanda ya mashua. Zamani hapo palikuwa ufukwe. Watu wapatao 300 walikimbilia humo wakingoja kuokolewa, na mifupa yao ikafukuliwa kuanzia miaka ya 1980. Ukiwa na watoto, waeleze kabla hawajafika.

Siku ya pili: Pompeii

Treni ile ile, ila unaendelea hadi Pompei Scavi – Villa dei Misteri, dakika 35 hadi 40 kutoka Napoli. Fika saa tatu asubuhi milango inapofunguliwa. Lango la Porta Marina liko mbele ya kituo na watu wengi huingilia hapo. Wewe tembea dakika 20 hadi lango la Piazza Anfiteatro uanzie upande wa pili, ili umati ukutane nao katikati badala ya kusukumana nao tangu mwanzo.

Anza na uwanja wa michezo wa mwaka 70 KK hivi, miongoni mwa ya kale kabisa iliyojengwa kwa mawe. Karibu yake kuna Orto dei Fuggiaschi, shamba ambamo watu 13 walifia wakikimbia. Mwanaakiolojia Giuseppe Fiorelli ndiye aliyeanza, mwaka 1863, kumimina plasta katika matundu yaliyoachwa na miili ndani ya majivu. Mifupa ya marehemu bado imo ndani ya plasta. Nawaomba wageni wangu wote wasijipige picha za tabasamu hapo.

Kisha panda Via dell'Abbondanza taratibu. Usikimbilie majumba makubwa. Barabara yenyewe ndiyo inayosimulia. Tazama mifereji iliyochimbwa na magurudumu ya mikokoteni, mawe makubwa ya kuvukia ili miguu isiloe, kaunta za vibanda vya chakula zenye matundu ya mitungi, na maandishi mekundu ya kampeni za uchaguzi ukutani. Mabomba ya mitaani yana maji ya kunywa, kwa hiyo chupa moja yatosha. Baadaye nyumba iitwayo Casa dei Vettii, iliyofunguliwa tena mwaka 2023, kisha Casa del Fauno, na umalizie Villa dei Misteri, ambako kuta nyekundu zenye michoro ya watu wa kimo cha kawaida bado zinang'aa. Ukitokea huko hurudi ndani, na kituo cha treni kiko karibu.

Siku ya tatu: Makumbusho

Sasa utaingia ukijua kila kitu kilitolewa wapi. Mozaiki (picha ya vijiwe) ya Alexander Mkuu uliyoiona sakafuni Casa del Fauno ni nakala. Ya asili ilihamishwa mwaka 1843 na ni mali ya makumbusho haya. Imekuwa ikikarabatiwa, hivyo waulize wahudumu kama inaonekana. Katika chumba kiitwacho Gabinetto Segreto, chenye picha na sanamu za mapenzi (watoto wabaki nje na mmoja wenu), tafuta kisanamu kidogo cha mwanamke cha pembe za ndovu kutoka India, kilichofukuliwa Pompeii mwaka 1938. Mimi hukaa nacho muda mrefu. Katika karne ya kwanza, ile ile Pompeii ilipofukiwa, kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus kiliandika kwamba pembe za ndovu zilisafirishwa kwa wingi kutoka Rhapta, bandari ya pwani yetu. Bahari iliyofikisha kisanamu hiki upande wa Warumi ndiyo iliyobeba pembe zetu.

Mchana kula pizza kwenye Via dei Tribunali. Kwa Waislamu: unga wa pizza ya Napoli ni unga, maji, chumvi na hamira tu, na marinara haina nyama wala jibini. Lakini vitafunwa viitwavyo sfogliatella na taralli za pilipili kwa kawaida hutengenezwa kwa strutto, yaani mafuta ya nguruwe, basi uliza kabla ya kununua. Kahawa ukinywa umesimama kaunta bei yake ni ndogo kuliko ukikaa mezani.

Ukiwa na siku ya nne

Nenda Paestum, mji wa Wagiriki ulioanzishwa kama mwaka 600 KK, wenye mahekalu matatu yaliyosimama hadi leo. Treni ya kawaida kutoka Napoli Centrale huchukua zaidi kidogo ya saa moja, na kutoka kituoni unatembea. Treni za kurudi si nyingi, kwa hiyo andika saa zake kabla hujatoka stesheni. Siku ya kuondoka, basi la Alibus hukuchukua Piazza Garibaldi hadi uwanja wa ndege wa Capodichino.