Kuhamia kisiwa kidogo cha Japani: anza na majirani
Mjapani anayehama Tokyo kwenda Ama, mji mdogo wenye wakazi wapatao 2,300 katika kisiwa cha Nakanoshima, mkoani Shimane, asisubiri kualikwa. Katika siku za mwanzo apite kwa majirani na zawadi ndogo, kama taulo au biskuti, ajitambulishe na kutaja nyumba aliyopanga, ingawa huenda habari zake zimekwisha kumtangulia. Kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kazi za pamoja za mtaa: siku ya kufyeka nyasi kandokando ya barabara, afike mapema akiwa na glavu na mundu wake. Jirani akimletea samaki, naye ajibu kwa chochote alichonacho jikoni. Aweke pia akiba ya chakula, kwani majira ya baridi bahari ikichafuka, feri husitishwa.